Mwenye mlango yuko wapi?

Jua limeshaanza kuchoma mabega, na Kitasa amepiga magoti mbele ya mlango usio wake. Nyuma yake amesimama mwanamume wa makamo aliyejifunga taulo kiunoni, povu la sabuni limemkaukia masikioni. Maji yalikatika akiwa katikati ya kuoga, akatoka kwenda kuangalia koki ya nje, upepo ukamfungia mlango. Ufunguo uko ndani, suruali iko ndani, na majirani, kwa bahati yake mbaya, wote wako nje.

"Mwenye mlango yuko wapi?" Kitasa anauliza kabla hajafungua mkoba wake wa vifaa.

"Si mimi hapa, dada yangu. Kwani mtu huenda kuoga kwa watu?"

"Nani anakujua?"

Bwana wa taulo anamgeukia mama jirani anayeanika nguo. Yule mama anamtazama kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. "Mimi namjua akiwa amevaa," anasema. "Hivi alivyo sina hakika." Watu wanaangua kicheko, na baada ya kukifaidi kicheko chenyewe anakubali. "Ni kwake. Mfungulie, mwanangu, kabla upepo haujarudi."

Kitasa anausogeza mgongo wake ili kisionekane anachokifanya. Waya mmoja unaingia, chuma chembamba kilichopinda kinaufuata. Anafumba macho, maana kazi hii, anasema, ni ya vidole na masikio. Kidogo tu kitasa kinalia, mlango unaachia, na bwana wa taulo anapita mbio bila kuaga. Atatoka baadaye akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na kushukuru kwa heshima zote.

Swali lile la mwenye mlango ndiyo sheria ya kwanza ya duka lao. Hawafungui mlango wala kuchonga ufunguo mpaka mwenye mlango ajulikane. Kitasa analiuliza mara nyingi kwa siku, kwa sauti ileile, kwa mkubwa na mdogo. Mwenyewe anajua uchungu wa kulipuuza swali hilo kuliko fundi yeyote wa mtaa huu.

Ana miaka kumi na tisa. Tangu akiwa na kumi na tano hadi akiwa na kumi na saba, alikuwa teja, mraibu wa dawa za kulevya.

*

Duka ni kibanda cha mabati chenye upana wa mlango na nusu, kati ya kinyozi na muuza vyombo. Ndani kuna meza iliyochimbika kwa miaka ya tupa na msumeno, mashine ya kuchongea funguo inayolia kwa sauti ya kukera meno, na ukuta mzima wa funguo zisizochongwa bado, zimetundikwa kwenye misumari kwa ukubwa. Vumbi la shaba limejipaka kila mahali. Jioni wakinawa mikono, baba na binti, maji ya beseni hubaki yakimetameta.

Baba anaitwa Fundi Komeo na kila mtu, pamoja na mkewe anapokasirika. Asipokasirika humwita Baba Kitasa. Ni mtu mrefu, mwenye maneno machache na mashavu yanayocheka kabla ya mdomo. Siku hizi akichonga ufunguo huuleta karibu na pua kana kwamba anaunusa, kwa sababu macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Ijumaa atasafiri kwenda kufanyiwa upasuaji, kisha akae kwa dada yake wiki kadhaa mpaka daktari aridhike.

Kwa hiyo kuna jambo linalotakiwa kuamuliwa kabla ya Ijumaa, na nyumba nzima inalijua. Nani atalishika duka?

Kazi zote za hapa Kitasa anazifanya na wateja wanamwita fundi. Lakini ufunguo wa duka hajawahi kupewa. Kila asubuhi baba hufungua, kila jioni baba hufunga, na ufunguo hulala kwenye mfuko wa shati lake. Humo ndani yamo makufuli ya watu yaliyoletwa kutengenezwa, pamoja na funguo zake. Atakayelishika duka ameishika mitaa miwili au mitatu mikononi. Kitasa akiteleza wakati baba yake amefungwa bandeji machoni, hataanguka peke yake.

Kichekesho ni kwamba kufuli la duka analiweza. "Kwa waya huu huu," anasema akiuonyesha, "hata chai ya baba haijapoa nitakuwa ndani." Anaurudisha mkobani. "Lakini kulifungua si sawa na kupewa ufunguo. Kufungua nimefungua sana. Kupewa ndiyo bado."

*

Jina la Kitasa alipewa akiwa mtoto wa kutambaa chini ya meza hii. Mama yake ni mpishi wa shule, kazi ya kuamka mapema, hivyo mtoto alishinda na baba. Wenzake walichezea vifuniko vya chupa, yeye alichezea vitasa vibovu. "Alikuwa mdogo, mzito, na akinuna hafunguki," baba yake anasema. "Jina likaja lenyewe."

Alifungua kufuli lake la kwanza kabla meno ya utoto hayajamwisha. Baba alilifunga tena, akalifungua tena. Siku hiyo Fundi Komeo alimbeba mabegani mpaka nyumbani, akiwaambia watu njiani kwamba mrithi amepatikana.

Dawa za kulevya ziliingia kimyakimya. Rafiki wa shule alimpa kidonge wakati wa mitihani, eti cha kutuliza roho. Roho ikatulia kweli, na hapo ndipo penye mtego, anasema Kitasa. "Watu hudhani unaanza kwa kuwa mtukutu. Mimi nilianza kwa kuwa muoga. Niliogopa kufeli, nikapewa kitu kinachofukuza woga. Nani angekataa?"

Vidonge vilipoacha kufukuza woga, rafiki alikuwa na rafiki mwingine, na huyo mwingine alikuwa na unga, heroini yenyewe. Kitasa hapendi kusimulia sana yaliyofuata. Anasema tu kwamba kuna asubuhi unavuta ili ufurahi, halafu ghafla kila asubuhi unavuta ili usiumwe. Arosto, yale maumivu ya mwili unaodai dawa yake, ilimkunja kitandani huku pua ikimtiririka na mifupa ikimwuma.

Mama yake alidhani ni malaria, kisha alidhani ni mapenzi. "Mimi napikia watoto wa shule nzima," anasema, akikunja na kukunjua kitambaa cha mezani. "Najua nani hali maharage, nani anamwachia mwenzake nyama. Wangu hakuwa anakula kabisa, na mimi sikuona. Hilo linaniuma mpaka leo, sitaficha."

*

Walipojua, Fundi Komeo alifanya alichokijua. Alifunga.

Alianza na chumba cha binti. Akaja kwenye kabati la mama, stoo, jiko, dirisha la nyuma. Mlango mmoja ukawa na vitasa viwili, mwingine ukaongezewa komeo. Mama anakumbuka kwamba kwenda kuchukua chumvi usiombe, ilibidi umtafute baba mwenye nyumba na mkungu wake wa funguo.

Na Kitasa alifungua. Kila kitasa kilichowekwa alikifungua, kwa kipini cha nywele, kwa waya wa mwavuli, kwa meno ya kitana. Baba akaenda kutafuta kikali zaidi. Akaleta kimoja alichoapiwa na muuzaji kwamba hata aliyekiunda hakiwezi bila ufunguo. Kilidumu kwa muda mfupi sana. Mama alirudi kazini akakuta kimening'inia, kizima, bila hata mkwaruzo, na sufuria zake mbili nzuri hazipo.

Hapa Fundi Komeo anasema jambo ambalo angeweza kulificha. "Nililipeleka jambo hilo kwa fundi mwenzangu. Nikamsimulia jinsi alivyokifungua, aliingia wapi, alisukuma nini. Nilikuwa najisifu. Mwanangu anakufa, mimi najisifia mkono wake."

Yalikuwa mashindano, kwa maneno mengine, na fundi hakujua kuwa anashindana na ugonjwa. Kila kufuli jipya lilikuwa linampa binti yake mazoezi.

*

Mazoezi hayo yalikomaa mtaa wa pili, kwenye nyumba ya kona. Anayeishi hapo ni bibi mmoja aliyestaafu ukunga, mjane, mwenye ulimi mkali na kumbukumbu kali zaidi. Kitasa cha mlango wake kiliwekwa na Fundi Komeo mwenyewe. Siku moja alirudi sokoni akakuta mlango umefungwa vizuri kama alivyouacha, redio haipo na mtungi wa gesi haupo.

Mlango haukuvunjwa. Kwa watu wa mtaani maana yake ilikuwa moja tu, aliyekiweka kitasa ndiye aliyekifungua. Wakajaa mbele ya kibanda. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu, akaja kusikiliza. Wengine walianza kudai makufuli yao yarudishwe hapo hapo.

Fundi Komeo hakubishana nao. Alikwenda mpaka nyumba ya kona, akakivua kitasa, akakichungulia ndani muda mrefu. Kila fundi ana namna yake ya kugusa pini za ndani ya kitasa, na alama alizoziona zilikuwa za namna aliyoifundisha yeye. Akakirudisha, akakaza skrubu, akamgeukia bibi mbele ya watu wote.

"Ni mkono wa nyumbani kwangu," alisema. "Lakini si wangu."

Kitasa alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta wa muuza vyombo, arosto imemshika, akisikia kila kitu. "Wangempiga ningevumilia," anasema. "Lakini alivyosema 'nyumbani kwangu', nilijiona. Angeweza kusema ni teja fulani tu. Akanitaja kuwa wa kwake." Alitoka pale ukutani akakiri mwenyewe mbele ya watu ambao siku hiyo hawakuwa na hamu ya kusamehe.

Mama ndiye aliyekata shauri. Aliomba ruhusa kazini, akamshika binti yake mkono kama mtoto wa chekechea, akampeleka kwenye nyumba ya kuwasaidia waraibu aliyoelekezwa na muuguzi wa zahanati. "Baba Kitasa," alimwambia mumewe kabla hajatoka, "umefunga vya kutosha. Sasa niache mimi nitafute anayefungua."

*

Mshauri nasaha wa nyumba hiyo ni mwanamke mfupi anayecheka kwa sauti na kuuliza maswali kwa sauti ya chini. Kwanza Kitasa alipata matibabu ya kupunguza arosto chini ya uangalizi wa daktari. Baada ya hapo mshauri alitaka familia nzima ije, na Fundi Komeo alikuja akiwa amekunja uso.

"Mzee, hayo makufuli yalimzuia nani?" mshauri alimwuliza.

"Hayakumzuia mtu."

"Na ulipokuwa ukimfungia chumbani, wewe ulikuwa unabaki upande gani?"

Fundi alifikiri, akatafuta mtego uko wapi, asiuone. "Upande wa nje," alijibu.

"Basi mle ndani alibaki na nani?"

Mama anasema hiyo ndiyo siku ya kwanza kumwona mumewe akilia bila kujifanya vumbi la shaba limemwingia jichoni.

Wakakubaliana makufuli ya vyumba yatoke. Mshauri hakuwaambia wawe wajinga. Pesa na vitu vidogo vya thamani vilihamia kwa shangazi, mchana kweupe, na Kitasa akaambiwa kwa nini. Alichokitaka mshauri ni kwamba nyumba iache kuwa jela yenye mfungwa mmoja. Binti akitoka aage, akirudi akute watu. Akizidiwa aseme, na atakayeambiwa asipige kelele. Hilo la mwisho, baba na mama walilifanyia mazoezi mbele ya mshauri, mmoja akijifanya binti. Baba alikuwa binti mbaya sana, mama anasema, akawachekesha wote.

Kuvitoa vitasa kulimchukua fundi siku nzima, kwa sababu kila skrubu aliifungua kama anang'oa jino lake. Milango ilibaki na matundu. Kitasa aliporudi nyumbani na kujilaza kitandani, mwanga wa sebuleni ulikuwa unapenya kwenye tundu na kuweka doa ukutani, akawa analitazama huku akisikia wazazi wake wakibishana kuhusu chumvi.

Ingekuwa hadithi ya kutungwa, ingeishia hapo. Lakini Kitasa alirudia.

Alikuwa ameshakaa miezi bila kugusa unga, akaanza kujiona ameshapona. Akakutana na yule rafiki wa rafiki. Jioni moja alipita mlangoni bila kuaga mtu, bila waya wala kipini, akapotea kwa siku mbili. Aliporudi alikuja mchana, mchafu, akiwa na sababu tatu za uongo alizozipanga njiani.

Mlango haukuwa umefungwa. "Mimi nilishazoea kuingia kwetu kwa waya," anasema. "Mkono ulikuwa mfukoni tayari unautafuta. Nikasukuma tu, ukafunguka. Mama alikuwa amekaa palepale ameshika tama. Akasema, 'Umekula?' Zile sababu zangu zote zikayeyuka."

Siku hiyohiyo walirudi kwa mshauri, watatu. Hakuna aliyempigia mtu kelele. Baba alijaribu, akakumbuka mazoezi, akayameza maneno.

"Watu wanadhani kurudia ni kushindwa," mshauri anaeleza. "Uraibu ni ugonjwa, na magonjwa mengine huamka. Ninachokitazama ni kitu kimoja, mtu akianguka anakimbilia wapi. Huyu alikimbilia nyumbani, na nyumbani palikuwa wazi."

Hajagusa unga tangu siku hiyo. Rafiki aliyempa kidonge cha kwanza hakuwa na bahati hiyo, na Kitasa akilifikia jina lake hulisema kwa sauti ndogo na kuendelea na kazi.

*

Kulibaki deni la nyumba ya kona, deni la uso kwa uso. Mshauri hakumlazimisha, alimwuliza tu lini. Kitasa alipiga moyo konde akaenda, akapiga hodi, akaamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umepiga hodi, naona."

Aliomba msamaha. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia hata neno moja. "Sijakusamehe," akasema. "Sina haraka. Lakini bawaba ya dirisha langu inalia, na baba yako haoni vizuri. Umekuja na bisibisi?"

Alikuwa nayo. Wiki iliyofuata bibi aligundua kabati linakwama. Baada ya hapo ikawa droo, kisha sanduku la marehemu mumewe ambalo ufunguo wake ulipotea zamani. Kitasa alipolifungua walikuta soksi na picha moja ya bibi akiwa kijana, akiwa amenuna. "Alinipenda nikinuna," bibi alisema, akalifunga. Mpaka leo kuna kitu kinaharibika katika nyumba hiyo kila Jumamosi, na chai huwa tayari. Kitasa alipomwuliza kama bado hajamsamehe, alijibiwa kwamba mlango wa choo haujakaa sawa.

Bibi hamung'unyi maneno anapoulizwa kuhusu fundi wake. "Nimezalisha watoto wengi wa mitaa hii. Kuna wanaotoka wanalia na kuna wa kupigwa kibao kwanza ndiyo walie. Huyu alichelewa kulia, basi."

*

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, wanakaa tena kwa mshauri. Chumba kina viti vya plastiki na feni inayozunguka kwa uvivu. Fundi Komeo ameshika kofia yake magotini.

"Mshauri, nipe uhakika," anasema. "Nikirudi nitakuta duka au nitakuta matatizo?"

"Sina uhakika wa kukupa, mzee. Mwenyewe huyo hapo, mwulize."

Baba anamgeukia binti. Kitasa amekaa wima, mikono chini ya mapaja.

"Baba, sikuapii. Viapo vyangu unavijua, nilikula vingi nikiwa nimelewa. Nitakwambia nitakavyofanya. Nikizidiwa, nafunga duka hapo hapo, hata kama mteja yuko mlangoni. Ufunguo nampa mama. Mama akiwa kazini nampa bibi wa nyumba ya kona, nimeshaongea naye. Halafu nakuja hapa kwa miguu yangu. Na vya watu vyenye funguo, sitaki vilale dukani wewe usipokuwepo. Mteja aje asubuhi, aondoke nacho jioni. Nisichoweza kukimaliza siku hiyo sikipokei."

"Utapoteza wateja," baba anasema.

"Nitapoteza wachache."

Mama anatazama sakafu, lakini mdomo wake unataka kutabasamu. Baba anaizungusha kofia. Anasema atafikiri, na mshauri anasema kufikiri ni kuzuri, na kikao kinaisha bila jibu. Kitasa anatoka nje akiwa ameuma midomo. Anasema hajakasirika, kisha anakiri kwamba amekasirika kidogo.

Jioni wanarudi dukani kufunga. Mteja wa mwisho ameondoka, kinyozi anafagia nywele zake. Fundi Komeo anatoa ufunguo mfukoni mwa shati, na badala ya kwenda mlangoni anakwenda kwenye ukuta wa funguo. Anapapasa misumari kwa vidole, anachagua usiochongwa, anauweka mezani pamoja na wa kwake. Anaisukuma mashine kuelekea kwa binti yake.

"Nitoe nakala moja," anasema.

Kitasa anaitazama mikono ya baba yake. Kisha, kwa mazoea au kwa utani, anauliza kama anavyomwuliza kila mtu.

"Mwenye mlango yuko wapi?"

"Anachonga," baba anajibu.

Mashine inalia kwa sauti yake ya kukera meno, na mtu hawezi kusikia kingine chochote, jambo ambalo pengine linawafaa wote wawili.

*

Ijumaa asubuhi Fundi Komeo ameshaondoka, mkewe akimsindikiza mpaka kituo cha mabasi na kumkumbusha dawa za macho kana kwamba anakwenda vitani. Mbele ya kibanda bibi wa nyumba ya kona amefika wa kwanza, na kitasa cha choo kwenye mfuko. Amekuja, anasema, kuona kama duka linafunguliwa kwa wakati.

Kitasa anauingiza ufunguo. Unaingia nusu, unagoma. Anautoa, anauelekeza kwenye mwanga, anaurudisha. Unagoma tena. Muuza vyombo anachungulia. Kinyozi anachungulia. Kuna jino moja kwenye ufunguo ule halikukaa sawa, na mtu aliyeuchonga jana macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"We mtoto, si utumie ule waya wako," bibi anasema. "Jua hili litatumaliza."

"Hapana, bibi. Hapa naingia kwa ufunguo."

Anakaa kwenye ngazi, anatoa tupa mkobani, anaanza kulisugua lile jino taratibu, anapuliza, anasugua. Akiwa pale anasimulia mipango yake. Baba akirudi na macho mapya, Kitasa anataka kuwaomba wazazi wake wakubali binti mmoja au wawili kutoka nyumba ya waraibu waje kujifunza ufundi. Mshauri alipolisikia wazo hilo alicheka mpaka akashika ukuta, akauliza kwani ushonaji umekosa nini. Kitasa alimjibu kwamba wataanza na lile swali, na asiyeweza kulilinda hatashika waya.

"Mikono ya mateja ni mahiri, wewe hujui tu," anamwambia bibi. "Inataka kupewa kitu."

"Mimi ninachotaka ni choo kifungike," bibi anasema.

Kitasa anasimama, anaupangusa ufunguo kwenye sketi, anauingiza mpaka mwisho. Safari hii unazunguka. Analitoa kufuli, anaufungua mlango wa mabati kwa mikono miwili, na kabla hajaingia anauweka ufunguo kwenye mfuko wa shati lake, upande uleule ambao baba yake huuweka wa kwake.

"Karibu, bibi," anasema. "Leta hicho kitasa nikione."